Alvina na Neno la Kilatini

Siku mji wetu ulipozika nyembe zake zote, mtu mmoja tu ndiye aliyelia machozi ya kweli, na watu wakampigia makofi wakidhani anaigiza. Mtu huyo alikuwa Alvina Rustad, opereta wa simu. Nilimwona vizuri kwa sababu nilikuwa nimebeba jeneza, upande wa mbele, na nilikuwa nimenuna kuliko wafiwa wote. Mimi ni Sivert Moen, kinyozi wa pekee wa Nordfeld. Hebu niambieni nyinyi, kinyozi atacheka vipi akizika nyembe?

Ulikuwa mwaka wa jubilei. Mji ulikuwa unatimiza miaka mia, na huku Minnesota mji ukifika umri huo wanaume wake wote huingiwa na wazimu mmoja. Wanaacha kunyoa tangu majira ya kuchipua hadi siku ya sherehe mwezi wa saba, ili wafanane na mababu waliokuja na mikokoteni ya ng'ombe. Anayekutwa na kidevu kitupu anatiwa kwenye kizimba cha mbao mbele ya benki, watoto wanamrushia bisi, na akizidi ubishi anatumbukizwa kwenye hori la kunyweshea farasi. Polisi ni wa mzaha na hakimu ni wa mzaha, lakini maji ya hori ni ya kweli na yana baridi ya kukukata pumzi.

Kwa hiyo nyembe lazima zife. Mwenyekiti wa kamati, Thorvald Bakke mwenye duka la vifaa, alipita nyumba hadi nyumba na sanduku jeusi akikusanya kila kitu cha kunyolea. Dukani kwake mwenyewe alifagia rafu nzima. Mimi nilijaribu kuokoa wembe mmoja, ule wangu mzuri wa Kijerumani, nikauficha chini ya gunia la viazi. Mke wangu Inga akamwonyesha Bakke kwa kidole, tena huku anacheka. Tumekaa kwenye ndoa miaka mingi na hilo bado sijamsamehe.

"Sivert, acha kununa," Bakke aliniambia. "Mpaka mwezi wa saba si utapumzika tu?"

"Nitakula nini mpaka mwezi wa saba, bwana? Ndevu zenu?"

"Si utakata nywele!"

"Nywele zenyewe ziko wapi? Nusu yenu mna vipara!"

Basi tukazika, kwenye bustani ya mji. Bendi ikapiga nyimbo za maziko, wanawake wakavaa shela nyeusi, na Daktari Amundrud akasoma wasifu wa marehemu Wembe, kwamba alikuwa mkali lakini hakumbagua mtu. Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia miti. Alvina alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, na alipoona wembe wa marehemu baba yake, wenye mpini wa pembe, ukiteremka na wenzake, alilia kwa kwikwi. Kamati ikampa keki ya lozi, zawadi ya mwombolezaji bora.

Alvina ni mtu wa kumjua. Alizaliwa kwenye shamba la mahindi kaskazini ya mji, mtoto wa pekee, akaingia kazi ya simu akiwa msichana, na mwaka ule alikuwa anakaribia arobaini. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya benki: kiti cha kuzunguka, mtambo wenye waya kila upande, na birika la kahawa lisilopoa. Ukiinua simu ulisikia sauti yake, nzito kidogo na yenye kicheko ndani, ikiuliza unamtaka nani, na ukishamtaja anakuambia usijisumbue, huyo yuko kwa dada yake amepeleka mayai. Wakati wa dhoruba ya theluji alikaa pale usiku na mchana akiwaunganisha wakulima na wake zao, akawa anawaimbia watoto wa watu waliokwama. Tulimpenda sana. Alikuwa na vituko vyake tu: hakulala kamwe nyumba ya mtu, hakwenda ziwani na wenzake, na aliwahi kumkataa kijana mzuri kabisa, mpaka yule kijana akahamia Dakota kwa huzuni.

Sasa alikuwa na mwingine. Halvor Tofte, msimamizi wa ghala la nafaka, ni mtu wa maneno machache hata ukimpima na Wanorwe wenzetu. Kwa haya zake aliposa kwa simu. Laini yake inatumiwa na nyumba nane, na nyumba zote nane zilikuwa zimeinua simu zinasikiliza. Alvina aliposema kwamba atamjibu siku ya sherehe, mtu mmoja kwenye laini akasema "Aaaah!" kwa uchungu. Alikuwa Inga wangu.

Mwezi wa sita, joto la kuyeyusha lami, Alvina akaja dukani kwangu amejizungushia skafu nzito mpaka chini ya macho. Wiki nyingi alikuwa anawaambia watu jino linamsumbua.

"Funga mlango, Sivert."

"Mteja wa kwanza leo, halafu unataka nifunge mlango?"

"We, funga!"

Nikafunga, nikashusha na pazia. Akapanda kwenye kiti changu cha kunyolea, akajitazama kwenye kioo, akavua skafu.

Zilikuwa ndevu. Hazikuwa nyingi kama za Bakke, lakini kusema kweli zilikuwa nzuri kuliko zake: laini, rangi ya asali, zimeshuka kutoka masikioni kama sharafa za bwana wa zamani zikakutana kidevuni, na juu ya mdomo sharubu changa. Kazi yangu ni nywele, siwezi kujizuia. Mkono ulishakwenda kwenye kitana.

"Sema kitu," akaniambia.

"Ukijiandikisha kwenye mashindano ya ndevu siku ya sherehe, Bakke atalia."

Akanitupia taulo la uso. Kisha akacheka, na mimi nikacheka, na mahali fulani katikati kicheko chake kikageuka kilio, wala sikujua ni wapi kiligeukia.

"Ni ugonjwa," alisema. "Una hata jina."

"Jina gani?"

Alitazama mlango kwanza. "Lanuginosa."

Neno lenyewe lilisikika kama kitu ambacho mtu hukatwa mguu kwa ajili yake.

Akanieleza. Alipokuwa na miaka kumi na mitano mama yake alimpeleka kwa Daktari Amundrud, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika mjini. Daktari akamgeuza shavu kwenye mwanga wa dirisha, akavuta pumzi, akamwambia mama: hii ni *facies lanuginosa*. Mama akamshukuru, akamwachia kuku, wakaondoka. Msishangae kwamba hakuuliza. Kwetu daktari haulizwi. Ukiuliza utakuwa unamsumbua, na watu wetu wako radhi kufa kuliko kumsumbua mtu.

"Mama alilia jikoni mpaka viazi vikaungua," Alvina alisema. "Hatukulitaja tena lile neno. Kesho yake baba alinipa wembe wake, yeye akawa ananyoa baada yangu. Mpaka alipokufa."

"Na Halvor?"

"Halvor nitamwambia hapana. Siwezi kumpelekea mtu ugonjwa ndani ya nyumba yake, na watoto je? Nimeshamkataa mmoja kwa hilo. Ila nataka nimwambie uso ukiwa safi, anione vizuri. Siwezi kumkataa mtu nikiwa ndani ya skafu! Nimejaribu mkasi, nimejaribu sukari na limau, nimetoka vipele. Nataka wembe wangu, Sivert."

"Unampenda?"

Alikuwa ameshaanza kujifunga skafu. "Yule mtu hupiga simu kila jioni kuniuliza ni saa ngapi. Nyumbani kwake ana saa mbili ukutani." Akasimama. "Nampenda mpaka nakasirika."

Ningemnyoa pale pale, lakini kwa kipi? Kila chenye makali kilikuwa futi nne chini ya ardhi. Hasira zangu zote za miezi ile zikanipanda kichwani, nikasema basi, tutafukua.

Tulichagua Jumapili alasiri, timu yetu ya besiboli ilipokuwa inacheza na majirani zetu wa Vang. Siku hiyo hata paka wa Nordfeld wako uwanjani. Uwanja uko nyuma ya bustani, mstari mmoja tu wa miti katikati, kwa hiyo tulichimba tukisikia kelele za watu. Niseme Alvina alichimba. Mimi nilishika mgongo na kutoa ushauri. Mtoto wa shamba yule, alitupa udongo kama anatafuta mafuta, na skafu yake usoni, na gauni lake la kanisani limepandishwa magotini. Mara koleo likagonga ubao. Tukapiga magoti, tukabandua kifuniko, na nyembe za mji mzima zikametameta mbele ya macho yetu.

Alvina akauona ule wa mpini wa pembe. Akaushika kwa mikono miwili.

Ndipo tukasikia gongo likigonga mpira, mlio mzuri ajabu, halafu watu wakipiga mayowe. Nilitazama juu. Mpira ulikuwa unapita juu ya miti, unakuja, unakuja. Ukaanguka shimoni kwetu, ukagonga jeneza *ngo!*, ukatulia katikati ya nyembe. Nyuma yake wakaja wachezaji wa Vang wakiutafuta, nyuma yao wachezaji wetu, nyuma yao mbwa, bendi, Mchungaji, mke wangu Inga na bakuli la saladi ya viazi, na mwisho Bakke, amevaa kofia ya polisi wa mzaha, anapuliza filimbi mpaka macho yanamtoka.

"Wafukuaji makaburi!" akapiga kelele. Nilimwona anafurahi kama mtu aliyezawadiwa gari.

Mahakama ilikaa pale pale kwenye jukwaa la bendi. Bakke akajitwika dekio kichwani liwe wigi la hakimu, akagonga nyundo. Mechi ikasahaulika, hata watu wa Vang wakaketi kwenye nyasi kusikiliza.

"Sivert Moen, una lipi la kujitetea?"

"Ni mimi peke yangu," nilisema. "Nimechoka kukaa bila kazi. Huyu mama nilimlazimisha."

"Mwongo!" Inga akapiga kelele kutoka nyuma. "Hajawahi kumlazimisha hata kuku!"

Watu wakaangua kicheko. Bakke akanihukumu: hori mara tatu, na kukata nywele za mji bure mpaka siku ya sherehe. Vijana wenye misuli wakaninyanyua, mmoja mguu mmoja, na kundi likaanza kuhesabu kwa sauti.

"Mwacheni!"

Kila mtu Nordfeld anaijua sauti ile. Ndiyo sauti inayotuambia mama anaumwa, mtoto amezaliwa, moto unawaka. Wakaniacha, tena kwa ghafla, nikaanguka kwa makalio. Alvina akapanda ngazi za jukwaa, akasimama kando ya Bakke na dekio lake, akavua skafu.

Pakawa kimya hata ungesikia mahindi yakikua.

"Wembe ni wangu," alisema. "Sivert hana kosa. Mimi ni mgonjwa tangu utotoni, na nimekuwa nikinyoa kila asubuhi, mkauzika wembe wangu, basi ndiyo haya mnayoyaona." Akamtafuta Halvor kwa macho, akampata karibu na ngazi, na glavu yake ya besiboli mkononi. "Halvor, uliniuliza swali. Jibu ni hapana, na sababu ni hii. Inaitwa lanuginosa. Daktari ndiye aliyeipima."

"Inaitwaje?" mtu akauliza.

Alikuwa Daktari Amundrud mwenyewe, benchi la mbele. Ndevu zake zilikuwa zinapewa nafasi ya kwanza na kila mtu, nene kama mzinga wa nyuki, anazichana kwa kitana cha farasi. Alikuwa amesimama na rangi imemtoka.

"Alvina, nani amekuambia huo ni ugonjwa?"

"Wewe!"

"Mimi?"

"Ulimwambia mama! *Facies lanuginosa!* Mama alikuachia kuku!"

"Kuku namkumbuka," Daktari alisema taratibu. "Lakini... lo! Alvina. Hilo ni neno tu la Kilatini. *Lana* ni sufu, ya kondoo, basi. Ukitoka hapo unapata *lanugo*, yaani malaika, yale manyoya laini. Warumi walilitumia kwa matunda na majani na mashavu ya vijana. Mtoto mchanga anayo mgongoni akizaliwa. Tunda la pichi linayo ganda zima. Nilisema una uso wenye malaika. Sikusema zaidi ya hapo."

"Hukusema zaidi?"

"Wala si ugonjwa. Bibi zako wote huenda walikuwa nayo. Nilifikiri mama yako amekuja tu kujua inaitwaje."

Alvina alishika ubao wa jukwaa. "Sasa kwa nini hukusema malaika? Kwa nini hukusema sufu? Kila mtu hapa anafuga kondoo!"

Daktari alizamisha kidole ndani ya ndevu zake akajikuna. "Nilikuwa ndiyo nimetoka chuoni," alisema. "Mama yako alinitazama kama mtoto mdogo. Nilitaka neno refu."

Niliuona uso wa Alvina ukipanda rangi kutoka shingoni. Nilidhani atamrukia. Badala yake akafungua mdomo, akapiga kelele iliyosikika mpaka Vang:

"Nilimkataa mtu wa Dakota kwa ajili ya pichi!"

Inga ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka na saladi ya viazi. Kisha Mchungaji, kisha bendi, kisha timu mbili za besiboli zikaanguka kwenye nyasi zikishikana. Alvina mwenyewe alijaribu kubaki na hasira, akapiga ubao ngumi, akasema "Pichi!" mara ya pili, akashindwa. Alicheka akiwa amejikunja, machozi yanashuka yanaingia kwenye zile ndevu za asali, na kila alipoinua kichwa akimwona Daktari anaanza upya. Mimi nilikuwa bado nimekaa chini. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na furaha iliyonipata siku ile sijaipata tena hata nyembe ziliporudi dukani.

Bakke aligonga nyundo mpaka dekio likamdondoka. "Mahakama imebadili uamuzi! Daktari Amundrud ana hatia ya kutumia Kilatini bila sababu. Adhabu ni kunyolewa!"

"Thorvald, usifanye mzaha! Mashindano ni wiki mbili zijazo!"

"Ungesema sufu! Sivert, noa wembe."

Nikanoa, kwa raha yangu yote. Nilitaka kuanza kazi, nikakuta mkono umenyooshwa. Nikampa Alvina wembe wa baba yake. Alimvika Daktari kitambaa cha meza ya kahawa, akampaka povu, akamshika pua kwa vidole viwili, akamnyoa. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijaona mkono mwepesi kama ule. Mji ulikuwa na vinyozi wawili siku zote, mimi nikidhani niko peke yangu. Ndevu zilipokwisha tukagundua kwamba Daktari hana kidevu kabisa, uso unakwenda moja kwa moja mpaka kwenye tai. Watoto wakampigia makofi, naye akainama kama msanii, maskini, akiwa na haya lakini moyo umemtulia.

"Nisamehe, Alvina," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Bado," Alvina akajibu. "Njoo uniulize tena baada ya mavuno."

Watu walikuwa bado wanacheka Halvor alipopanda ngazi. Alipanda polepole, akaweka glavu yake juu ya ngoma ya bendi, akasimama mbele ya Alvina. Ni mfupi kuliko yeye kwa nusu kichwa. Kicheko kikaisha chenyewe. Alvina akajipangusa macho kwa kiganja, akajikaza kama mtu anayengoja sindano.

"Basi umeziona," alisema.

"Nimeona nini?"

"Hizi, Halvor!"

"Hizo nazijua."

"Unazijua vipi?"

Halvor alitazama viatu vyake. Nadhani hajawahi kuzungumza mbele ya watu wengi kiasi kile, hata siku ya ubatizo wake alilala. "Tunacheza dansi wewe na mimi kila harusi," alisema. "Kila sikukuu ya mavuno. Sasa mimi kimo changu ni hiki. Paji langu la uso hukaa hapa." Akaonyesha kwa kidole, bila kumgusa, chini kidogo ya mdomo wa Alvina. "Dansi za mchana huwa laini. Ikifika saa nne usiku unaanza kukwaruza kidogo. Siku ukiwa na kazi nyingi ukinyoa haraka, unakwaruza tangu mwanzo. Mimi naenda nyumbani paji limekuwa jekundu."

Mtu mmoja kule nyuma akapiga mluzi, mkewe akamkanyaga.

"Miaka yote hiyo," Alvina alisema. "Miaka yote, Halvor Tofte! Ulikuwa unajua na hukusema?"

Halvor alifikiri. Alifikiri kweli, kama anavyofikiri akipima ngano.

"Nilitaka," alisema. "Nilitaka kukuambia kwamba nazipenda. Nilikuwa napiga simu nikiwa nimejiandaa kabisa, halafu nakuuliza saa. Sikuwa na neno lake."

Alvina alikunja wembe, akanipa bila kunitazama.

"Sasa neno lipo," alimwambia. "Hebu litamke."

Halvor akaweka viganja vyake viwili kwenye mashavu yale, taratibu, mbele ya Nordfeld yote na nusu ya Vang, akavuta pumzi. "Lanu," alisema, akasita. "Lanugi..." Na mimi niliyelisikia neno lile dukani kwangu nikadhani ni la kukatwa mguu, sikuamini kama ni lilelile. Alvina akasema ndiyo kabla Halvor hajafika mwisho wake.